Shira ya tangawizi na rozela imeharibika? Tafuta kosa kwa dalili

Masika yakishika, na tena kusi inapoleta ubaridi wa Juni na Julai, nyumba nyingi za Tanga hunukia tangawizi inayochemka kuwa shira ya kikohozi. Ndani ya sufuria mna rozela, ambayo wengine huiita choya, pamoja na mdalasini na karafuu za Amani, na pembeni chupa ya asali ya Handeni inasubiri. Siku ya kwanza kila mtu anaisifu. Malalamiko huja baadaye: imetoa povu, imeganda, imegeuka rangi ya wino, mtoto kaitapika.

Ni yaleyale kila msimu, na mengi yana mzizi mmoja. Watu hupima shira kwa macho. Wakiiona nzito, husema tayari. Uzito unadanganya. Kinacholinda shira ni sukari kuyazidi maji kwa mbali, na hilo jicho haliwezi kulipima.

Kwanza, ile iliyo sawa ikoje?

Robo kilo ya tangawizi mbichi iliyopondwa, lita moja ya maji, kiganja cha rozela kavu, kijiti cha mdalasini, karafuu tano sita. Chemsha kwa moto mdogo nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa. Chuja, rudisha motoni bila kufunika mpaka ibaki nusu lita. Tia kilo moja ya sukari, koroga iyeyuke, iache ichemke dakika chache, ipua. Yaani sukari mara mbili ya maji kwa uzito. Asiye na mizani apime vikombe vitano vya sukari kwa vikombe viwili vya maji ya tangawizi, kikombe kiwe kilekile.

Asali ina hesabu yake. Kilo moja ya asali nzuri tayari ina takriban gramu 180 za maji. Ukiichanganya na nusu lita ya maji ya tangawizi, maji yanafika gramu 680 hivi katika mchanganyiko wa kilo moja na nusu. Karibu nusu nzima. Asali yenyewe hukaa miaka, asali iliyotiwa maji haikai. Shira ya asali itengenezwe kidogo, iwekwe friji, iishe ndani ya wiki moja, ikizidi sana mbili. Huna friji? Tengeneza ya sukari, au weka maji ya tangawizi ya siku hiyohiyo kikombeni na utie asali wakati wa kunywa. Mimi naipendelea hii ya mwisho, maana hakuna kitu cha kuharibika.

Inatoa povu, kifuniko kimevimba, inanuka pombe

Imechacha. Kabla ya kuuliza kwa nini, shughulika na chupa, hasa ikiwa ya glasi: gesi iliyobanwa inaweza kuipasua. Usiitikise. Iweke friji mpaka ipoe kabisa, izungushie taulo nene, toka nayo nje, fungua kidogo kidogo huku uso umeugeuzia pembeni. Ikiwa chupa tayari ina ufa, usijaribu kuifungua. Watoe watoto jikoni, ifunike kwa blanketi zito, iache ipoe, kisha itupe ikiwa ndani ya ndoo.

Sababu inayoongoza ni maji mengi, na mara nyingi imetokana na kipimo cha "kikombe kwa kikombe". Wengi wamekitoa kwenye shira ya kaimati. Kikombe cha sukari kina gramu 200 hivi, cha maji 250, kwa hiyo sukari haijafika hata nusu ya mchanganyiko. Kwa kaimati si neno, zinaliwa futari ileile. Dawa ya kikohozi inayokaa kabatini siku kumi ndani ya joto la Tanga ni jambo jingine. Uliza kwanza: nilitia sukari kiasi gani, na maji yalibaki kiasi gani baada ya kuchemka? Wengi hawajui jibu la swali la pili, na hapo ndipo kosa lilipo. Pima maji yaliyobaki kwa chupa ya nusu lita kabla ya kutia sukari.

Ya pili ni asali nyepesi. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 hivi inaweza kuchacha hata bila kuguswa. Ya nyuki wadogo wasiouma kwa kawaida ina maji mengi kuliko hiyo na huwa na uchachu wake. Ni tamu kuliwa, ila haifai kwa shira ya kuweka. Iliyovunwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta nayo ni hivyohivyo. Vile vipimo vya kuwasha kiberiti au kudondosha asali kwenye glasi ya maji havithibitishi kitu. Anayechakachua anavijua kuliko wewe.

Ya tatu ni ndimu zilizokamuliwa ndani ya shira iliyokwisha kupoa. Maji ya ndimu nne ni maji, tena mabichi, na yanaingia na hamira za maganda na mikono. Ndimu itiwe dakika mbili za mwisho za kuchemka, au ikamuliwe kikombeni.

Ya nne ni uchafu: chupa iliyosuuzwa tu, kijiko kilicholambwa kisha kikarudishwa. Chupa za glasi zichemshwe dakika 10 na zikauke kabisa. Chupa za plastiki za maji ya kunywa hazistahimili shira ya moto, zinajikunja, na mikwaruzo ya ndani haisafishiki.

Iliyochacha inaokoleka? Ukiichemsha upya hamira itakufa, lakini ladha ya pombe na siki haiondoki yote, na hujui ni nini kingine kimeota humo. Ya kumpa mgonjwa, imwage.

Ukungu juu, ndani pako sawa

Ndani hapako sawa. Usiengue ukungu ukaendelea kunywa. Mizizi yake haionekani na baadhi ya kuvu huacha sumu. Mwaga yote.

Ukungu ukiota juu tu wakati kipimo cha sukari kilikuwa sahihi, tazama ulivyojaza chupa. Shira ya moto ikifungwa katika chupa iliyojaa nusu, mvuke unaganda chini ya kifuniko na kudondoka. Matone yale hayachanganyiki. Yanatandaza tabaka jembamba la maji juu ya shira, na kuvu hawahitaji zaidi ya hapo. Ama ujaze chupa hadi shingoni ingali moto, ufunge na kuilaza kidogo ili kifuniko nacho kipate moto, ama uiache ipoe ikiwa imefunikwa kwa kitambaa safi ndipo ufunge. Mambo ya katikati ndiyo yanayoharibu.

Ni nzito vizuri, lakini imeharibika. Au kuna unga mweupe chini

Unga mweupe ni wanga wa tangawizi. Si dawa iliyojitenga, wala si uchafu. Tatizo ni kwamba wanga ukichemshwa hufanya uji, na uji huo unaiga uzito wa sukari. Mtu anainua mwiko, anaona inashuka taratibu, anaipua. Kumbe sukari bado.

Aliyesaga tangawizi kwa blenda huupata zaidi kuliko aliyeponda kwa kinu. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuchemsha, iache tangawizi iliyosagwa na kuchujwa itulie saa moja ndani ya jagi la glasi. Utaona tabaka jeupe limekaa chini, gumu kidogo. Mimina maji ya juu polepole, tabaka libaki kwenye jagi.

Kama umetumia mdalasini wa unga, una sababu ya pili. Unga ule, hasa wa magome manene yanayouzwa bei nafuu, ukikaa ndani ya maji hutoa ute, na shira inavutika kama mlenda. Hauna madhara, ila hauchujiki tena. Kitambaa kinaziba tu. Tumia vijiti. Vya Amani na Muheza, vile vyembamba vilivyojiviringisha tabaka juu ya tabaka, vinatoa harufu bila ute mwingi.

Nyepesi, inatiririka

Kama ni ya asali, ndivyo ilivyo, iache. Kama ni ya sukari, ionje ikiwa imepoa kabisa kabla ya kuhukumu, maana ikiwa ya moto kila shira ni nyepesi. Ikibaki nyepesi, ongeza sukari kulingana na kipimo kilichotajwa mwanzoni badala ya kuichemsha saa nzima. Kuchemsha mno kunapoteza harufu ya tangawizi na kuunguza rangi.

Imeganda, imejaa chembe za sukari

Hili si kosa la kukutisha, na halimdhuru mtu. Umepitiliza: maji yamekauka mno, sukari haina pa kujishikilia. Shira inayovuta uzi mrefu kati ya vidole ni ya visheti, si ya chupani. Vilevile friji inaweza kuigandisha shira iliyo sawa, kwa kuwa penye baridi maji huyeyusha sukari pungufu.

Weka chupa ndani ya maji ya uvuguvugu, ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji yaliyochemka, koroga. Safari ijayo tia ndimu kidogo wakati sukari inachemka. Wapishi wa kaimati wanafanya hivyo tangu zamani: uchachu unavunja sehemu ya sukari na kuizuia kujijenga chembe. Na usikwangue sukari iliyokauka kandoni mwa sufuria. Chembe moja ikiangukia ndani huita wenzake.

Asali ikiganda ni tabia yake. Uvuguvugu tu unatosha, moto hauhitajiki.

Rangi imekuwa ya wino, au kahawia

Hizi ni dalili mbili, watu huzichanganya. Rozela ina rangi inayofuata uchachu: penye uchachu ni nyekundu kali, uchachu ukipungua hugeuka zambarau, kisha rangi ya wino. Jaribu hivi: weka kijiko cha shira kwenye kisosi cheupe, dondoshea ndimu. Wekundu ukirudi papo hapo, mkosaji ni maji au sufuria. Mji wa Tanga umekaa juu ya mawe ya chokaa, hayohayo yaliyochimbika yakafanya mapango ya Amboni, na maji ya visima vingi yamebeba chokaa hiyo. Rozela ileile ikipikwa kwa maji ya bomba au ya mvua inatoka na rangi nyingine. Kama maji si tatizo, tazama sufuria. Ya alumini haipatani na uchachu wa rozela na ndimu, hasa ukiilaza usiku kucha: rangi inafifia, na ulimi unapata ladha ya bati. Tumia ya stili, au yenye rangi ya ndani isiyobanduka.

Ndimu isiporudisha wekundu na rangi ikabaki kahawia, basi ni moto mwingi, mwanga wa dirishani, au uzee. Inanyweka, haipendezi tu. Yenye ladha ya bati imwage.

Chungu, au kali mno

Uchungu: maganda na mbegu za ndimu zilichemka, au karafuu zilizidi. Hakuna cha kuutoa; unaweza kuupunguza kwa kuchanganya na shira mpya. Ukali uliozidi hutokana na tangawizi kavu, ambayo gramu kwa gramu huwasha kuliko mbichi. Aliyebadilisha mbichi kwa ya unga bila kupunguza kipimo analalamika kila mara. Na ile isiyo na ukali wala harufu ilichemshwa wazi muda mrefu. Harufu imekwenda kwa majirani.

Ikiungua chini, mimina ya juu kwenye sufuria nyingine bila kukwangua, onja, amua. Angalizo: shira inayochemka ikikurukia haitiririki kama maji, inaganda juu ya ngozi na kuendelea kuunguza. Weka mahali hapo chini ya maji ya bomba yanayotiririka dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala asali. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au likiwa usoni, mkononi au kwenye kiungo, au akiwa ni mtoto, nenda hospitali.

Maziwa yamekatika

Rozela na ndimu zina uchachu, nao hukata maziwa. Kunywa na maji moto au chai kavu.

Tumbo linauma, kichefuchefu, kutapika

Kwa wengi ni tangawizi nyingi juu ya tumbo tupu. Punguza, kula kwanza. Kinachofuata ni shira iliyoanza kuchacha bila mtu kujali harufu. Lakini kuna chanzo cha tatu ambacho ni adimu na ni hatari kuliko hivyo viwili.

Siku hizi watu wanasoma habari za shira ya elderberi, beri nyeusi za mti wa Ulaya uitwao Sambucus nigra. Haumei vichakani kwetu. Kinachofika Tanga ni pakiti ya beri kavu kutoka kwa ndugu aliye ng'ambo. Beri zenyewe zikipikwa vizuri hazina neno. Mbichi, pamoja na vijiti, majani na mbegu, zina kitu kinachotoa sumu ya sianidi tumboni. Mwaka 1983 kundi la watu California waliugua, baadhi wakachukuliwa kwa helikopta kwenda hospitali, baada ya kunywa juisi ya beri za jamii hiyo zilizokamuliwa mbichi na majani yake. Ukiletewa pakiti, toa vijiti vyote, chemsha nusu saa ikitokota sawasawa, chuja, usizisage na mbegu. Kuloweka tu kwenye asali hakutoshi.

La hatari zaidi ni kutafuta mbadala porini. Kile kichaka chenye maua madogo ya njano na waridi kwenye shada moja, majani yanayokwaruza, kilichojaa kandokando ya njia na mashamba ya Muheza, kina vitunda vyeusi vinavyofanana na picha za elderberi. Ni Lantana camara, na vitunda vyake vibichi vina sumu. Mtu akinywa shira ya beri usizozijua akaanza kutapika, kulegea, kizunguzungu au kupumua kwa shida, usimpe maziwa wala usimtapishe. Mpeleke hospitali na ubebe matunda yaliyobaki.

Ya asali ilimfikia mtoto wa chini ya mwaka mmoja

Hapa hakuna "kidogo tu", hata kulambishwa kidoleni. Asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaotengeneza sumu ndani ya utumbo wa mtoto mchanga, na kuchemsha jikoni hakuziui. Zinastahimili joto la maji yanayochemka. Mtoto akikosa choo siku kadhaa, akinyonya kwa udhaifu, akilia kwa sauti ndogo, kope zikimlegea au shingo ikikosa nguvu, ni hospitali siku hiyohiyo, na useme wazi kwamba alionja asali. Bibi aliyempa asigombezwe mbele ya daktari, akaja kuficha.

Mnywaji anatumia dawa nyingine

Kijiko kimoja cha chakula cha shira ya sukari kina takriban gramu 13 za sukari. Mwenye kisukari ahesabu. Rozela inaweza kushusha presha, kwa hiyo anayetumia dawa za presha asiinywe glasi kwa glasi bila kumwuliza daktari. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, aulize kuhusu tangawizi. Mjamzito aache rozela nyingi.

Majirani wanaitaka kwa bei

Chupa za kumgawia shoga yako ni ukarimu. Ukiweka lebo na bei ni biashara ya chakula, na tangu 2019 usajili wa vyakula uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Ukiandika kwamba inatibu mafua au pumu, umeingia kwenye dawa, na dawa za asili zina Baraza lake la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Andika "shira ya tangawizi", tarehe ya kupikwa, kilichomo, na onyo la mtoto wa chini ya mwaka kama ina asali. Anza na ofisi ya SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo.

Shira ni nzuri, kikohozi hakiondoki

Basi kosa haliko kwenye sufuria. Shira inalainisha koo na kupunguza kukohoa usiku; virusi vya mafua haiviui. Mafua ya kawaida hupoa yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi, kikohozi kikichelewa kidogo.

Homa, kwetu pwani, ipimwe malaria kwanza. Usiipoze kwa tangawizi ukangoja kesho, na usikimbilie kununua antibayotiki duka la dawa bila kupimwa.

Kwa mtoto, hesabu pumzi akiwa ametulia, dakika nzima huku ukitazama saa. Pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na miwili, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni haraka mno. Huenda ni nimonia. Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea, usihesabu tena, ondoka nyumbani. Kituo cha afya kilicho karibu kitampa rufaa kwenda hospitali ya mkoa ya Bombo ikibidi.

Mtu mzima mwenye maumivu ya kifua, pumzi fupi au damu kwenye makohozi aende siku hiyo. Kikohozi kilichofika wiki mbili kipimwe kifua kikuu, hata kama hakuna homa. Vipimo na dawa zake ni bure kwenye vituo vya serikali. Ukienda, mtajie mhudumu kila ulichokunywa, shira ikiwemo, na ni vijiko vingapi kwa siku.